Sanaa ya Picha na Teknolojia Dhidi ya Dhuluma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara, Lamu

Majibu haya ni ya wachoraji, wapiga picha, vijana wa kompyuta na vikundi vya mtaani vinavyotaka kuonyesha dhuluma ili irekebishwe. Yameandikwa kwa hali ya Lamu: upepo, chumvi, vichochoro vyembamba na turathi zinazolindwa na sheria. Mengi yanafaa Malindi pia.

Tuanze na picha au na dai?

Dai kwanza. Liandikeni kwa sentensi moja inayotaja nani, afanye nini, na lini. "Tunataka bahari safi" si dai, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kuulizwa kwa nini hakulitimiza. "Ripoti ya athari za uchimbaji wa mkondo itolewe hadharani kabla ya mwisho wa Machi" ni dai. Picha isiyo na dai hupendwa, husambazwa, kisha husahaulika.

Tazameni kesi mbili za hapa hapa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya ujenzi wa bandari. Mwezi Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, sababu mojawapo ikiwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Maamuzi yote mawili yalisimama juu ya nyaraka na ushahidi wa watu. Mchoro haushindi kesi. Huwafanya watu waendelee kuhudhuria, kuuliza na kuchangia nauli ya mashahidi wakati kesi inapoahirishwa kwa mara ya tano.

Kama hamna nyaraka, ombeni. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu, na saa 48 ikiwa uhai au uhuru wa mtu uko hatarini. Mkinyimwa, Tume ya Haki ya Utawala hupokea maombi ya mapitio ndani ya siku 30. Barua ya ombi yenye muhuri wa kupokelewa ni kitu kizuri sana kukuza hadi mita mbili na kukionyesha ukutani usiku, hasa siku ya 22.

Tunaweza kuchora kwenye kuta za Mji wa Kale?

Hapana, hata mwenye nyumba akikubali. Mji wa Kale wa Lamu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na kazi yoyote ya nje ya jengo lazima ipite kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mbali na sheria, ukuta wenyewe utaharibika. Kuta hizo ni mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Huvuta unyevu na kuutoa. Rangi ya plastiki huziba vitundu, chumvi hujikusanya nyuma yake, na baada ya misimu michache lipu hubambuka vipande vipande. Gundi ya mabango hufanya hivyo hivyo. Kuharibu nyumba ya jirani ili kulalamikia uharibifu ni kumpa mpinzani wako hoja ya bure.

Nje ya eneo linalolindwa, kwenye ukuta wa matofali ya saruji na kwa idhini ya maandishi, tumieni rangi ya chokaa. Chokaa iliyoiva ichanganywe na maji hadi iwe nyepesi kama maziwa, kisha rangi ya unga isiyozidi asilimia 10 ya uzito wa chokaa. Ikizidi, ukuta utawachafua kila anayeegemea. Rangi za udongo mwekundu, manjano na nyeusi za oksidi ya chuma hustahimili chokaa, ilhali rangi nyingi kali za vitambaa hupauka. Lowesha ukuta, paka tabaka tatu hadi tano nyembamba, na acha siku nzima kati ya tabaka na tabaka. Vaa miwani. Chokaa ikiingia jichoni huunguza.

Basi kuonyesha picha kwa projekta?

Ndiyo njia inayofaa zaidi Lamu, maana mwanga hauachi alama. Lakini wengi hununua projekta isiyofaa. Zile ndogo za LED zinazotangazwa kuwa na lumeni maelfu mara nyingi hutoa lumeni (kipimo cha nguvu ya mwanga) 150 hadi 200 tu zikipimwa kwa ANSI, yaani mwanga halisi unaofika ukutani. Hizo ni za chumbani. Nje mnahitaji ANSI 3,000 au zaidi.

Hesabu ni rahisi: gawanya lumeni kwa mita za mraba za picha. Lumeni 3,500 kwenye picha ya mita 4 kwa 2.25 (mita za mraba 9) ni karibu 390 kwa kila mita ya mraba, na hiyo husomeka vizuri. Mkiongeza upana mara mbili, eneo linakuwa mara nne na mwanga unashuka hadi kama 97. Taa moja ya barabarani inatosha kuifuta picha. Picha ndogo kali ni bora kuliko kubwa iliyopauka.

Umbali nao. Projekta nyingi za ofisini huhitaji mita 1.5 za kurudi nyuma kwa kila mita moja ya upana wa picha. Picha ya mita 4 inataka mita 6. Vichochoro vingi vya Lamu haviwapi nafasi hiyo, kwa hiyo mnabaki na uwanja wa Mkunguni mbele ya ngome, sehemu pana za barabara ya pwani, au viwanja vya mpira.

Jiwe la matumbawe lililozeeka hunywa mwanga. Shoneni shuka la marekani nyeupe, mita 4 kwa 3, lenye upindo mnene pande zote nne na matundu ya chuma kila sentimita 40. Kosa la kawaida ni kulifunga juu tu. Upepo wa mita 8 kwa sekunde, ambao si ajabu wakati wa Kusi, hulisukuma shuka hilo kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 50. Fungeni juu na chini kwenye boriti mbili, na pembeni kwa kamba. Msitumie kigingi kilichodungwa mchangani. Ukumbi wa ndani wenye mlango wazi hukata kazi yote hii.

Muda: subirini Isha iswaliwe na watu watoke, yaani kuanzia kama saa mbili na nusu usiku, na Ramadhani ngojeni hadi baada ya Tarawehe. Ukuta wa msikiti usiguswe na mwanga hata kwa bahati mbaya. Jaribuni pembe ya projekta mapema. Barabara ya pwani iangaliwe kwenye jedwali la maji, kwani siku za bamvua maji hupanda hadi penye nyaya zenu.

Umeme tutoe wapi?

Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 (Ah 100) ina wati-saa 1,200. Ya asidi msiishushe chini ya nusu, la sivyo itakufa mapema, zinabaki 600. Inveta hula kama asilimia 15, zinabaki 510. Projekta wati 280, kompyuta 50, spika 20: jumla 350. Mtapata saa moja na robo, pengine na nusu kama betri ni mpya. Inveta iwe ya wimbi safi, wati 600 au zaidi. Zile za bei nafuu za wimbi la ngazi hupasha moto kifaa cha umeme cha projekta na kuleta mlio kwenye spika.

Projekta ya taa haizimwi kwa kuchomoa waya. Zima kwa kitufe, ngoja feni isimame, ndipo ukate umeme. Na ikitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, iache ndani ya begi lake nusu saa kabla ya kuiwasha, maana unyevu wa pwani hugeuka matone kwenye lenzi na ndani yake.

Leso inaweza kubeba ujumbe wa haki?

Inaweza kuliko bango. Bango hukaa mahali pamoja wiki mbili. Leso huingia harusini, sokoni, hospitalini na kwenye ofisi ambayo bango lisingeruhusiwa. Askari anayekunyang'anya bango hatamvua bibi leso.

Kiwanda huchapa kwa maelfu, kwa hiyo kikundi kidogo kichape kwa mkono. Kitambaa cha pamba kifuliwe kwanza kwa maji moto ili kitoe wanga, la sivyo wino hautashika. Fremu iwe na nyavu ya nyuzi 43 kwa sentimita. Nyavu laini zaidi ya hapo huziba kwa wino wa kitambaa. Gawanyeni mchoro katika vipande: pindo lichapwe kwa fremu moja inayorudiwa, mji (sehemu ya katikati) kwa fremu ya pili, jina (maneno ya leso) kwa ya tatu. Hivyo jina linaweza kubadilishwa kampeni ikibadilika bila kuchonga upya kila kitu.

Kinachoshinda wengi ni joto. Wino wa maji hukauka ndani ya nyavu ndani ya dakika chache wakati wa Kaskazi, na herufi zinaanza kukatika kuanzia leso ya tano au ya sita. Chapeni alfajiri, kivulini, nyunyizeni maji kidogo kwenye wino, na kila baada ya kuchapa vuteni wino ufunike nyavu mkisubiri kitambaa kinachofuata. Mkiona herufi "o" imejaa au mkia wa "j" haupo, simameni muoshe fremu papo hapo. Leso ikauke siku nzima, kisha ipigwe pasi kwa nyuma, moto wa pamba, dakika 3 hadi 5 kila sehemu. Kwa pasi ya mkaa, wekeni kitambaa katikati. Fueni moja kabla ya kugawa zote.

Jina lenyewe: fumbo lisiwe la kina mno. "Mmechimba mkondo, mmetuachia tope" kila mvuvi ataelewa na kila afisa ataelewa, na hakuna jina la mtu ndani yake. Fumbo linalohitaji mzee wa kulifasiri linafaa ushairi. Msomeeni mtu ambaye hayumo kwenye kikundi. Akiuliza mnamaanisha nini, andikeni jingine.

Na mabango ya karatasi?

Yana nafasi yake kwenye mbao, kontena na vibanda, kwa idhini. Uji wa gundi: kikombe kimoja cha unga wa ngano koroga na kikombe kimoja cha maji baridi mpaka mabonge yaishe, mimina kwenye vikombe vitatu vya maji yanayochemka, koroga dakika tano mpaka uwe mzito na kung'aa. Tumieni siku hiyo hiyo. Kwa joto letu kesho utakuwa umechacha. Paka ubao, bandika, kisha paka juu pia.

Yabandikeni juu ya mita mbili. Chini ya hapo mbuzi na punda huyala, na si mzaha: unga ni chakula. Kona inayoning'inia ndiyo huanza kuvutwa.

Ukubwa wa herufi: kila mita 3 za umbali zinataka sentimita 2.5 za urefu. Bango la kusomwa kutoka kwenye mashua iliyo mita 60 mbali linahitaji herufi za sentimita 50, kwa hiyo maneno manne au matano tu.

Kitu kitakachokaa kichapwe kwenye turubai la plastiki. Mwaka 2009 msanii wa Ufaransa anayeitwa JR alifunika mapaa ya Kibera kwa picha kubwa za macho na nyuso za wanawake zilizochapwa kwenye turubai lisilopitisha maji, na wenye nyumba wakabaki na paa lisilovuja. Tungependa kuona kazi nyingi zaidi zinazoacha faida ya namna hiyo.

Tanga la jahazi je?

Linaonekana kutoka mbali na halihitaji ukuta wa mtu. Msipake rangi nzito: hukaza kitambaa, huongeza uzito juu karibu na foromali (boriti inayoshika tanga) na nahodha hataweza kulikunja haraka upepo ukibadilika. Rangi ya kitambaa iliyozimuliwa, kwa stensili, na mchoro ukae theluthi ya katikati. Afadhali zaidi, pakeni kipande cha pamba nyepesi na mkishone juu ya tanga kuukuu la siku ya maonyesho. Kauli ya mwisho kuhusu tanga ni ya nahodha.

Chombo chenyewe pia kinaweza kuwa ujumbe. FlipFlopi, iliyojengwa Lamu kwa taka za plastiki na kuzinduliwa 2018, ina urefu wa mita 9 na imefunikwa kwa ndara kama 30,000; mwaka 2019 ilisafiri hadi Unguja. Aliyeiona hakuhitaji kuelezwa takwimu za taka.

Tunataka picha za juu za mikoko iliyokatwa na ardhi iliyozungushiwa ua. Turushe droni?

Droni lazima isajiliwe na kuidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya. Lamu kuna uwanja wa ndege Manda, ng'ambo tu ya mkondo, na operesheni za usalama za muda mrefu. Bila karatasi zote mkononi itachukuliwa, na nyinyi pamoja nayo.

Tiara hufanya kazi ile ile polepole. Baada ya mafuta kumwagika katika Ghuba ya Mexico mwaka 2010, wakazi wa pwani ya Marekani walipiga picha fukwe zao kwa maputo na tiara zenye kamera. Kwa simu ya gramu 200 mnahitaji tiara ya upana wa kama mita 1.8, upepo wa mita 5 hadi 8 kwa sekunde, na kamba ya polista iliyosukwa inayostahimili kilo 100. Vaeni glavu, kamba ikikimbia hukata kiganja hadi nyama. Simu isifungwe kwenye tiara bali kwenye kamba, mita 20 hadi 30 chini yake, ili mtikiso usiifikie. Iwekwe kupiga kila sekunde 5, kasi ya shata (muda kamera inapofunguka kupokea mwanga) 1/1000 ya sekunde. Picha zenye ukungu karibu zote hutokana na shata ya polepole.

Kutoka mita 50 juu, simu ya kawaida hunasa kama mita 65 kwa 50, na kila nukta ya picha ni chini ya sentimita 2 ardhini. Kila picha ipishane na jirani yake kwa asilimia 70. Wekeni misalaba ya kitambaa cheupe ya mita moja mahali panne na mpime umbali kati yake kwa futi kamba. Bila hivyo ramani itakuwa nzuri machoni na batili mbele ya mpimaji. Unganisheni picha kwa programu ya OpenDroneMap na mchore mipaka kwa programu ya ramani ya QGIS, zote ni bure. Msirushe karibu na viwanja vya ndege vya Manda au Malindi, wala karibu na kambi yoyote.

Matuta ya Shela, yanayohifadhi maji ya visima vya mji wa Lamu, yanafaa sana kwa kazi hii: pigeni kila miezi mitatu kutoka sehemu zile zile, na ua unaosogea utajionyesha. Ila si kila kitu kichapishwe. Makaburi, mahali pa ibada, kaya za Mijikenda (misitu yao mitakatifu) na maeneo ya siri ya uvuvi yaondolewe kwenye nakala ya hadharani.

Tunawalindaje watu waliomo kwenye picha?

Idhini ielezwe kwa maneno ya kawaida na irekodiwe kwa sauti: "Mama, picha hii itaonekana na watu wengi, pamoja na waliokudhulumu. Leo unaweza kuikataa. Ikishaingia kwenye simu za watu hatuwezi kuirudisha." Akisitasita, msipige. Mtoto anahitaji idhini ya mzazi, na picha za watoto ziwe chache.

Kuficha uso kwa ukungu hakutoshi, kwani ukungu mwepesi unaweza kubashiriwa. Wekeni kisanduku cheusi kizima, kisha mhifadhi picha kama faili jipya. Halafu tazameni vingine: leso anayojulikana nayo, mlango wenye nakshi, jina la mashua ubavuni. Mtaani, jina la mashua linamtaja mtu waziwazi kuliko uso wake. Sauti nayo hutambulika. Msomaji mwingine asome maneno. Kwa walionusurika ukatili wa kijinsia tumieni mchoro, si picha.

Picha zetu zitakubaliwa mahakamani?

Zikitunzwa vizuri. Faili la awali lisihaririwe wala kuzungushwa. Nakilini siku hiyo hiyo sehemu mbili tofauti, kokotoeni alama ya SHA-256 (msururu wa herufi na tarakimu unaobadilika faili likiguswa) na muiandike kwenye daftari pamoja na tarehe, saa, mahali na aliyepiga. WhatsApp hubana picha na kufuta taarifa za ndani, hivyo tumeni kama dokumenti. Ile ya kusambaza ndiyo ifutwe GPS, ile ya ushahidi ibaki nayo. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kuhusu kifaa na namna rekodi ilivyotolewa. Mpiga picha awe tayari kukitia saini, na kusimama kizimbani.

Tunahitaji ruhusa gani?

Ibara za 33 na 37 za Katiba zinalinda kujieleza na kukusanyika kwa amani. Kwa mkutano au maandamano, mkuu wa kituo cha polisi apewe taarifa ya maandishi kati ya siku 3 na 14 kabla. Ni taarifa, si ombi, lakini ondokeni na nakala iliyogongwa muhuri. Ongezeni idhini ya mwenye mahali na ya kaunti kwa mabango. Filamu ya hadharani huhusu pia Bodi ya Uainishaji wa Filamu. Wazee wa mtaa hawamo kwenye sheria yoyote kati ya hizi, na bila kuwapitia barazani mapema hakuna kitakachokwenda.

Tukitaja jina la aliyedhulumu?

Kashfa kama kosa la jinai ilibatilishwa na Mahakama Kuu mwaka 2017, ila kesi ya madai bado ipo, na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2018 iliweka adhabu kwa kuchapisha uongo. Tajeni cheo, tarehe na namba ya waraka. "Barua ya ofisi ya ardhi ya tarehe fulani inasema hivi" ni ngumu kushtakiwa kuliko "fulani ni mwizi", na kusema kweli inauma zaidi.

Akili unde itusaidie kutengeneza picha?

Kwa rasimu ya mchoro, sawa, na mseme hivyo. Kwa tukio lililotokea, kamwe. Picha moja ya kubuni ikigunduliwa, mia za kweli zitaitwa za kubuni.

Msimbo wa QR kwenye bango una maana?

Ukiwa na upana wa sehemu moja ya kumi ya umbali: msomaji wa mita 2, sentimita 20. Chagueni kiwango cha juu cha kusahihisha makosa, H, ili usomeke hata sehemu ikichanika. Kiungo kisiwe cha kufupishwa na huduma ya bure inayoweza kufungwa. Ukurasa uwe chini ya kilobaiti 500 kwa sababu bando ni pesa, na uwe na sauti ya dakika moja kwa asiyesoma.

Kamera au simu ikianguka baharini?

Zima, usijaribu kuiwasha "kuona kama inafanya". Toa betri kama inatoka, na kadi. Isuuze kwa maji baridi yasiyo chumvi, kwani chumvi ikikaukia ndani hula shaba ya saketi. Ikipatikana spiriti safi, isuuze nayo. Iache siku mbili penye upepo na kivuli, mbali na jua kali. Mchele hausaidii kitu ila kuingiza vumbi. Kadi huwa nzima mara nyingi, kwa hiyo nakilini picha kutoka kwenye kadi kwanza, kabla ya kuhangaikia mwili wa kamera.